Joto Lilikwenda Wapi?

Kazi ya breki ni kutengeneza joto. Kusimama kwa gari ni matokeo ya kazi hiyo. Nimeishi karibu na mazungumzo ya magari kwa miaka mingi, ya madereva, ya mafundi na ya abiria walionusurika, na jambo moja limenikaa rohoni kuliko mengine: karibu sote tunaichukulia breki kuwa kitu cha kukamata gurudumu, na swali letu huwa ni kama inakamata au haikamati. Fundi anakanyaga pedeli, gari linasimama mlangoni pa gereji, anasema breki ziko sawa. Jibu lake ni la kweli pale gereji, ila halisemi lolote kuhusu breki hizohizo baada ya dakika kumi za mteremko. Ninachodai ni hiki: kila breki ina kiasi cha joto inachoweza kubeba na kutema, kiasi hicho kinahesabika, na ajali nyingi za milimani tunazozieleza kwa maneno mawili, breki zimefeli, zilianza pale joto lilipopita kikomo huku breki zenyewe zikiwa nzima. Mtu akiikubali hoja hii, hataendesha tena kama alivyokuwa akiendesha, hatanunua spea kwa macho yaleyale, na atakuwa mwangalifu zaidi anapogawa lawama.

Tuanze na chuma chenyewe. Nyuma ya rimu ya mbele ya karibu kila gari dogo la siku hizi kuna diski ya chuma cha kusubu inayozunguka pamoja na gurudumu. Kalipa imefungwa mahali pasipozunguka, nayo imepanda juu ya ukingo wa diski ikiwa na pedi moja upande wa ndani na nyingine upande wa nje. Ukikanyaga pedeli, mguu wako unasukuma masta silinda. Mafuta ya breki, kwa kuwa hayabonyei, yanapeleka msukumo huo mpaka kwenye pistoni ya kalipa, na kwa kuwa pistoni hiyo ni pana kuliko ya masta, nguvu inafika ikiwa imeongezeka. Kwenye magari mengi madogo pistoni ni moja tu, upande wa ndani. Inasukuma pedi ya ndani mpaka iguse diski, kisha kalipa nzima inateleza kwenye pini zake na kuivuta pedi ya nje ije kubana upande wa pili. Kinachonivutia kila mara ni namna pistoni inavyorudi. Hakuna springi. Kuna pete ya mpira yenye pembe nne iliyokaa kwenye mfereji wake na kuibana pistoni kiunoni. Pistoni ikisukumwa, mpira unapinda nayo, na msukumo ukiondoka mpira unajinyoosha na kuirudisha pistoni kwa sehemu ndogo ya milimita. Pedi ikilika, pistoni inateleza kidogo kupita ile pete na kushika mahali papya, ndiyo maana breki za diski hazihitaji fundi wa kuzikaza. Ndiyo maana pia mafuta kwenye kikopo chake hushuka polepole kadiri pedi zinavyokwisha, kwa kuwa yamekwenda kujaza nafasi iliyoachwa nyuma ya pistoni. Anayeongeza mafuta bila kuvua gurudumu na kutazama pedi amefuta taarifa aliyokuwa akipewa bure.

Sasa hesabu. Gari la kilo 1,500 linalokwenda kilomita 100 kwa saa linabeba nishati ya mwendo ya kilojuli 580 hivi. Likienda kilomita 50 kwa saa linabeba 145, yaani robo, maana kasi ikiongezeka mara 2 nishati huongezeka mara 4. Gari likisimama, nishati hiyo haipotei. Karibu yote hugeuka kuwa joto pale pedi zinaposugua diski. Kwa kuwa uzito huegemea mbele wakati wa kufunga breki, magurudumu ya mbele hubeba theluthi mbili ya kazi au zaidi, hivyo kila diski ya mbele inapokea kilojuli 200 hivi. Diski yenye kilo 5 za chuma itapanda joto kwa nyuzi 80 hivi kwa kusimama huko kumoja, ndani ya sekunde chache. Joto hilo litatoka kwa kupigwa na upepo na kwa kung'ara kuelekea kila upande, ila linatoka kwa dakika, wakati liliingia kwa sekunde. Diski nyingi za mbele zimetengenezwa kwa sahani mbili zenye mapezi katikati ili hewa ipite ndani na kuharakisha kutoka huko. Simama mara 4 au 5 kwa mfululizo kutoka kasi hiyo bila kuipa nafasi ya kupoa, na chuma kinakaribia au kupita nyuzijoto 400. Hakuna kilichoharibika, hakuna kilichovuja, na bado gari uliloondoka nalo asubuhi si gari ulilo nalo sasa.

Historia ya breki nayo, ukiisoma vizuri, ni historia ya watu waliopambana na joto. Herbert Frood, aliyeanzisha Ferodo mwaka 1897 huko Derbyshire, Uingereza, alianza kwa kuangalia mikokoteni ya farasi ikishuka vilima vya eneo lake, akatafuta kitu bora kuliko vipande vya mbao na ngozi vilivyoungua na kuteleza. Mwaka 1902 Frederick Lanchester wa Birmingham alipata hataza ya breki ya diski, lakini pedi zake zilikuwa za shaba, zikalika haraka na kupiga kelele isiyovumilika. Wazo lilikuwa sahihi, ila hapakuwa na kitu cha kuweka kati ya chuma na chuma kinachoweza kustahimili. Kwa miaka mingi baadaye magari yakatumia breki za dramu, ambazo zina nguvu nyingi kwa msukumo mdogo lakini zinafungia joto ndani ya chombo kilichofunikwa. Mwaka 1953, kwenye mbio za saa 24 za Le Mans nchini Ufaransa, Jaguar C-Type zilizokuwa na breki za diski za Dunlop ziliwaacha wapinzani wenye dramu. Tony Rolt na Duncan Hamilton walishinda kwa wastani wa zaidi ya kilomita 160 kwa saa, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea hapo. Siri yao haikuwa kwamba diski inakamata zaidi kwa kukanyaga kumoja. Waliweza kuchelewa kukanyaga kwenye kila kona kwa saa 24, kwa sababu breki ya saa ya 20 ilikuwa ileile ya saa ya kwanza. Dramu ikipata moto hupanuka na kujitenga na viatu vyake, vile vipande vinavyoibana kutoka ndani. Diski ikipata moto hunenepa na kusogea kuelekea pedi. Tofauti hiyo ndogo ya kimaumbile ilitosha kubadili magari ya dunia nzima, na mwaka 1955 Citroën DS ikawaletea diski za mbele wanunuzi wa kawaida.

Pedi inastahili kuangaliwa kwa karibu zaidi, maana ndicho kipande tunachokinunua mara nyingi na kukijua kidogo. Ukiishika mkononi utaona bamba la chuma na juu yake tabaka la msuguano, unene wa milimita 10 au zaidi kidogo ikiwa mpya. Tabaka hilo ni mchanganyiko wa vitu vingi uliobanwa na kuokwa: gundi ya fenoli inayoshika vyote pamoja, nyuzi za chuma au za aina nyingine, grafiti ya kulainisha, chembe ngumu za kukwaruza, na mara nyingi unga unaotokana na mafuta ya ganda la korosho. Hili la korosho si hadithi. Mafuta yale yanayomchoma mbanguaji vidole huko Masasi na Newala yana fenoli ya asili, na viwandani hugeuzwa kuwa chembe zinazoufanya msuguano uwe tulivu na kupunguza kelele. Tanzania husafirisha sehemu kubwa ya korosho zake zikiwa ghafi, hasa kwenda India na Vietnam, ganda likiwa bado juu yake, na hapa sisi hununua pedi zilizotengenezwa ng'ambo. Lakini ninachotaka msomaji akishike ni hiki: gundi na chembe hizo ni vitu vya kikaboni, na vitu vya kikaboni huungua. Pedi za kawaida za gari la familia zikipita nyuzijoto 300 na ushei, kutegemea mchanganyiko wake, huanza kutoa gesi na kupoteza msuguano. Mtengenezaji analijua hilo. Amechagua mchanganyiko utakaokamata vizuri ukiwa baridi asubuhi, usiopiga kelele, usiomaliza diski, na bei ikubalike. Kustahimili moto mkali ni moja tu ya mahitaji hayo, nayo hupunjwa ili mengine yatimie.

Tukifika mlimani mambo yanageuka, kwa sababu kwenye tambarare breki inafanya kazi kwa sekunde na kupumzika kwa dakika, lakini kwenye mteremko haipewi mapumziko. Kila mita 100 za kimo linazoshuka, lile gari la kilo 1,500 linaachilia kilojuli 1,470, sawa na kusimama mara mbili na nusu kutoka kasi ya kilomita 100. Matairi na upepo hula sehemu yake, na mteremko ukiwa mkali sehemu hiyo huwa ndogo. Nchini Burundi, kutoka Bugarama kwenda Bujumbura, barabara inashuka zaidi ya mita 1,000 mpaka mwambao wa Ziwa Tanganyika. Sekenke na Kitonga kwa Tanzania, Mai Mahiu kwa Kenya, ni majina ambayo dereva hayatamki ovyo. Kitonga nakutaja kwa sababu maalumu: malori yanayotoka Zambia na Kongo na shaba hukushuka yakiwa na mzigo kamili, yakielekea bandari ya Dar es Salaam. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari inaruhusu hadi tani 56. Lori la uzito huo, kwa kila mita 100 za kimo, linaachilia joto linalotosha kuchemsha ndoo 8 za maji za lita 20. Joto hilo lazima liende mahali. Likienda kwenye injini, litatoka kwa ekzosi na rejeta, vitu vilivyotengenezwa kwa kazi ya kutupa joto saa nzima. Likienda kwenye breki, litabaki kwenye vipande vya chuma ambavyo havina pa kulipeleka kwa haraka.

Hapo ndipo ile kanuni ya wazee wa barabara, kwamba mlima unaushuka kwa gia uliyoupandia, inapata maana yake kamili. Kiasi cha joto la mteremko mzima hakibadiliki sana ukishuka polepole au haraka. Kinachobadilika ni kasi ya kuingia kwake. Lori la tani 56 kwenye mteremko wa asilimia 6 likishuka kilomita 60 kwa saa linazalisha joto kwa kiwango cha kilowati 550. Likishuka kilomita 20 kwa saa ni kilowati 180 na kidogo. Kiwango hiki cha pili injini kubwa yenye breki nzuri ya ekzosi, ile inayoziba njia ya moshi ili injini izuie gari, inaweza kukikaribia, breki za magurudumu zikaguswa mara mojamoja tu. Kiwango cha kwanza hakuna injini ya lori la kawaida inayokiweza, na mabaki yote yanaangukia dramu. Dereva wa lori anayeshuka taratibu huku foleni nyuma yake ikipiga honi anafanya hesabu sahihi kuliko wanaompigia honi.

Joto likipita kikomo hutokea moja kati ya mambo matatu, na ni muhimu kuyatofautisha kwa sababu kila moja lina dalili yake mguuni. La kwanza, pedi zimepoteza msuguano: pedeli ni ngumu na iko juu kama kawaida, unakanyaga kwa nguvu zako zote, gari linaendelea kwenda na harufu ya kuungua inaingia ndani. La pili, mafuta ya breki yamechemka: pedeli inazama mpaka sakafuni, maana mvuke unabonyea na mafuta hayabonyei. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzijoto 205, na ya DOT 4 chini ya 230; lakini mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na yakishafikisha maji asilimia 3.7 viwango hivyo huruhusiwa kushuka mpaka 140 na 155. Gari lililokaa Tanga au Mombasa kwa miaka mingi bila kubadilishiwa mafuta linashuka mlima likiwa na kikomo ambacho mwenyewe hakukinunua. La tatu ni la malori yenye breki za upepo na dramu: dramu imepanuka, chuma cha kusukuma kimefika mwisho wa safari yake kabla viatu havijabana, na geji ya upepo bado inaonyesha kwamba kila kitu ni kizuri.

Sasa tazama kinachotokea baada ya ajali. Gari linapoa. Mvuke kwenye mabomba unarudi kuwa kimiminika. Pedi zinapata tena sehemu kubwa ya msuguano wake, dramu inajikunja na kurudi kwenye viatu. Mkaguzi akija asubuhi na kukanyaga pedeli, inamjibu vizuri. Dereva anaapa kwamba breki hazikuwepo, mkaguzi anaona zipo, na kati yao mmoja anaonekana mwongo. Wote wawili wanasema kweli. Jambo hili ndilo lililonifanya niache kabisa kuridhika na taarifa inayoishia kwenye maneno chanzo ni kufeli kwa breki, maana hayo ni maelezo ya kilichoonekana, na chanzo kiko kilomita kadhaa nyuma, juu zaidi mlimani. Fikiria pia kwamba magari madogo tangu miaka ya 1960 yamekuwa yakitengenezwa na masta yenye njia mbili zilizotengana, mara nyingi gurudumu la mbele kulia likiunganishwa na la nyuma kushoto. Bomba likipasuka upande mmoja, upande wa pili unabaki. Ili magurudumu yote manne yapoteze breki kwa mpigo, lazima kuwe na kitu kilichoyafikia yote pamoja, na joto ni mtuhumiwa wa kwanza. Na joto haliondoki bila kuacha alama, mradi mtu ajue pa kuangalia. Uso wa diski hugeuka rangi ya bluu, mipasuko myembamba hutokea, pedi huwa na uso mgumu unaong'aa na kingo zinazomeguka, mpira wa kuzuia vumbi kwenye pistoni huwa umeungua. Maji yaliyomo kwenye mafuta hupimwa kwa kifaa kidogo kinachoshikwa mkononi.

Wapo watakaosema kwamba tatizo letu halisi ni spea feki, na kwamba mtu akiweka pedi za kweli hesabu zote hizi ni za vitabuni. Siwabezi, maana wana nusu ya ukweli. Pedi mbovu ina kikomo cha chini, na mara nyingi hakuna anayejua ni wapi. Kwenye ukingo au mgongo wa pedi nyingi huchapwa herufi mbili zinazofuatana, mfano FF au FE, kwa utaratibu ulioanzia Marekani. Ya kwanza inaeleza msuguano katika joto la kawaida na ya pili msuguano ikiwa moto. E ni zaidi ya 0.25 hadi 0.35, F ni zaidi ya 0.35 hadi 0.45. Pedi iliyoandikwa FE inakiri yenyewe kwamba ikipata moto inalegea. Wanunuzi wengi hawazitazami herufi hizo, na anayechapa boksi la uongo anaweza kuchapa na herufi za uongo, kwa hiyo kumjua muuzaji bado kuna thamani. Lakini pedi halisi kabisa, iliyotoka kwa mtengenezaji wa gari, nayo ina kikomo, na haibadilishi hata juli moja ya ule mteremko. Nitaongeza kwamba sehemu ya udhaifu tunaitengeneza wenyewe gereji. Usukani ukitetemeka wakati wa kufunga breki tunasema diski imepinda, tunaipeleka kuchongwa. Mara nyingi haikupinda, imeshika utando wa pedi usio sawa baada ya mtu kusimama na kuibana ikiwa moto. Tofauti kati ya diski mpya na unene wa chini ulioandikwa kwenye diski yenyewe kwa kawaida ni milimita 2 hivi. Kila inapochongwa inabaki na chuma kidogo zaidi cha kubeba joto lilelile.

Pingamizi jingine linatoka kwa wenye magari mapya kidogo: gari langu lina ABS, na ni la otomatiki, haya ya gia hayanihusu. ABS haiongezi nguvu ya breki. Inalegeza na kubana kwa haraka ili gurudumu lisijifunge na kuteleza, na kwenye pedi zilizoungua haina cha kulegeza wala kubana. Ama otomatiki, gia ya kushukia ipo, tatizo ni kwamba haijafundishwa. Kwenye magari mengi ya Kijapani tunayoyaagiza yakiwa yametumika kuna kitufe cha O/D cha kuzima gia ya juu kabisa pembeni ya lever ya gia, kuna 2 na L chini ya D. Kwenye mengine kuna S au B. Herufi hizo ziliwekwa kwa ajili ya milima. Wapo pia wanaoweka nyutro wakishuka ili kubana mafuta. Kwenye injini ya kisasa gari likishuka likiwa kwenye gia na mguu umeachia eksileta, kompyuta hukata mafuta kabisa, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka nyutro, injini lazima ichome mafuta ili isizime. Kwenye mteremko mkali, ambako ungelazimika kufunga breki hata hivyo, anayeweka nyutro anachoma mafuta na pedi kwa pamoja. Anayezima injini kabisa amefanya vibaya zaidi, maana hidrovaki inayosaidia mguu wake hubaki na akiba ya kukanyaga mara chache tu.

Pingamizi zito kuliko yote, na ninaliheshimu, linasema hivi: hoja ya joto inambebesha mzigo dereva. Mwenye lori anakaa mjini, anapakia kupita kiasi, anakataa kununua viatu vya breki, anahesabu siku za safari. Dereva akifa mlimani tunasema hakujua kutumia gia. Kama hesabu hii ingetumika hivyo ningeikana. Lakini isome tena uone inamwelekea nani. Nishati ya mteremko inakwenda sambamba na uzito: zidisha mzigo kwa robo, na kila ndoo ya joto imeongezeka kwa robo kabla dereva hajagusa chochote. Nani aliupakia? Kushuka kilomita 20 kwa saa kunaongeza muda wa safari; nani anamkata dereva posho akichelewa? Breki ya ekzosi isiyofanya kazi inahamishia dramu kazi yote. Nani aliambiwa imekufa akajibu kwamba gari linasimama tu? Neno kufeli linawafunika wote hao, kwa kuwa linaifanya breki iwe mkosaji peke yake, nayo ni chuma, haina cha kujitetea. Ukiuliza joto lilitoka wapi na likaenda wapi, kila mmoja anaonekana mahali pake, na dereva naye pake, ambapo si padogo lakini si pa peke yake.

Njia za dharura zilizojazwa kokoto pembeni mwa miteremko, zinapojengwa, huokoa watu na zinastahili kudaiwa. Ila zinapokea gari ambalo tayari limeshindwa. Penye thamani zaidi ni pale juu, kabla barabara haijainama. Dakika kumi za kusimama kileleni zinatosha kwa lori: kushuka na kupita kila gurudumu ukisikiliza upepo unaovuja, kunusa na kusogeza kiganja karibu na dramu bila kuigusa ili kujua lipi limekuja likiwa moto kuliko wenzake, kupima kwa macho safari ya vyuma vya kusukuma huku utingo akikanyaga, kujaribu breki ya ekzosi. Kwa gari dogo ni kutoa O/D au kuingiza 2, na kukubali kwamba injini itanguruma njia nzima. Kisha gia ichaguliwe hapohapo, gari likiwa limesimama. Kwenye lori la gia za mkono uamuzi huo haungoji, kwa sababu likishashika kasi injini haiwezi tena kulinganishwa na gia ndogo, meno hayakubali kuingiliana, na dereva aliyetoa gia ili aweke nyingine anajikuta yuko nyutro, tani 56 nyuma yake, breki peke yake ndizo zilizobaki.